Kanda Zote za Mabula

Jumatatu, 2 Juni

Upande A wa kanda umekwisha. Nimegeuza. Upande B ni mwimbaji yule yule, analia vile vile. Mwanamke kamwacha, kapanda treni, naye amebaki stesheni. Upande mzima yuko stesheni. Ningekuwa mimi huyo mwanamke ningepanda treni ya mapema zaidi.

Nashona sketi za shule huku kanda inapiga. Nimeshona mfuko mmoja kinyume kwa hasira, nikaufumua.

Kikao cha ukoo kilikaa juzi Jumamosi, hapa hapa uani kwangu, kwa chai yangu. Wakaamua: nyumba ibaki yangu, cherehani iliyokuwa yangu tangu zamani nayo ibaki yangu, asante sana. Kanda zote za marehemu mume wangu Mabula ziende kwa mdogo wake, Nkwabi. Wamesema ni mali ya ukoo. Hakuna aliyeniuliza. Atakuja kuzichukua Jumamosi ya tarehe 14.

Nikasema sawa. Wakafurahi, wakadhani nimelainika.

Kabla hajaja nitazisikiliza zote. Moja moja, A na B, kuanzia boksi la mafuta ya kupikia mpaka sanduku la bati, vyote viko chini ya kitanda. Sizipendi. Sijawahi kuzipenda. Natafuta moja.

Jumanne, 3 Juni

Niandike sababu, nisije nikajisahau nikaanza kuwahurumia.

Kwetu ni Bagalu. Kwa Mabula ni Bagika. Kwa mtu wa huku hiyo inatosha, maana ndizo pande mbili za ngoma na kila mtu ana upande wake. Baada ya kuvuna pamba zinakutanishwa uwanja mmoja, saa ile ile, ngoma mbili zinapigwa kwa pamoja, hawa mwisho huu na wale mwisho ule. Jaji hayupo. Watu wenyewe ndio majaji. Wakiondoka kwako wakahamia kwa mwenzako, umeshindwa, hata kama mguu wako ulikuwa unatikisa ardhi.

Mwaka ule ilikuwa Mwamapalala. Manju wetu, yule anayetunga na kuongoza nyimbo, koo lilimkauka mchana. Wakanisukuma mimi mbele. Nilikuwa msichana tu. Niliimba mpaka uwanja mzima ukahamia kwetu, na manju wa Bagika akabaki anaimbia vumbi. Manju huyo alikuwa baba yake Mabula.

Mabula alikuwa kijana mwenye radio kaseti begani. Pale uwanjani alikuwa nayo yeye peke yake. Jioni watu wakaniambia, yule wa radio amekurekodi.

Msimu wa pili akaja na wazee wake kwa baba yangu. Akasema mbele ya watu, "Sauti yake ninayo tayari, nimekuja kumchukua mwenyewe." Baba alicheka mpaka akapunguza ng'ombe wawili. Kwa hiyo nilishuka bei kwa ajili ya kanda ambayo sijaisikia mpaka leo.

Nilipofika kwake nikaiomba. Akasema haipo, kwaya imerekodiwa juu yake. Akaongeza, "Kanda ya Bagalu haiwezi kukaa kwenye nyumba hii." Sikuuliza tena. Nilimnyamazia wiki nzima, naye akanywa uji wa baridi wiki nzima.

Sasa sauti sina. Tangu nilipopasuliwa tezi shingoni nakwaruza tu. Kuku wenyewe nawaita kwa kugonga sufuria. Kabula, binti yangu, hajawahi kunisikia nikiimba. Alizaliwa nikiwa nimenuna, alipokua nikapasuliwa.

Jumatano, 4 Juni

Rumba. Zote za kutoka Mwanza, alizoleta alipokuwa fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba na akawa anapanda malori bure. Mwaka wa hizi bati la jikoni lilikuwa linavuja. Yeye akarudi na boksi la rumba na spika.

Gitaa zuri, nakubali. Waimbaji sielewi wanasema nini. Mabula naye hakuelewa, ila alikuwa anafumba macho kama anayeelewa.

Alhamisi, 5 Juni

Kabula kapiga simu. Anafundisha Kiloleli, anajua kila kitu. "Mama, achana na kanda. Nyimbo zote ziko kwenye simu siku hizi, nitakuwekea."

Nikamwambia ninayoitafuta haiko kwenye simu.

"Ni ipi hiyo?"

Sikumwambia. Angenionea huruma, na huruma ya Kabula inakuja na ushauri.

Dansi, kanda tano. Mbili nzuri. Moja ina tarumbeta iliyoshikwa na mtu mwenye mafua. Moja ni tupu pande zote mbili, nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho, kelele za mvua ya utepe tu. Ya tano ni nakala ya ile ya stesheni. Alinunua mara mbili. Hela ya viatu vya Kabula ndiyo ilikaa stesheni.

Ijumaa, 6 Juni

Umeme umekatika saa nne asubuhi. Cherehani ni ya miguu, haijali. Radio nimeitia betri. Kufika adhuhuri imemeza kanda. Nimeutoa utepe taratibu, umekunjamana, nikaurudisha kwa kuzungusha kalamu ya wino kwenye tundu. Mkono umekufa ganzi. Yalikuwa matangazo ya mchezo wa mpira. Mabula alirekodi mpira. Mtu anarekodi mpira ambao matokeo yake anayajua.

Nimesafisha kichwa cha radio kwa pamba na spirit. Pamba ipo, angalau hiyo hatujawahi kukosa Bariadi.

Nimekula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa mgando. Nimelala mchana. Sijutii.

Jumamosi, 7 Juni

Leo kwaya. Nilikuwa nazingojea hizi.

Mtu akirekodi juu ya kanda ya zamani, mara nyingi hafiki mwisho wa utepe. Kwaya inamaliza, inakuwa kimya, halafu ule mkia wa zamani unatokeza. Kama sauti yangu ilifunikwa na kwaya, huenda kipande kimebaki mkiani. Hata mstari mmoja. Mstari mmoja ungenitosha.

Kwa hiyo nimesikiliza kwaya asubuhi mpaka jioni. Soprano zote za kanisa letu, kina mama ambao nawajua na mambo yao nayajua, wakiimba juu ya usafi wa moyo. Kila kanda nimeisubiri mpaka ikate yenyewe.

Kwenye ya nne kwaya ikaisha. Kimya. Halafu krr, na sauti. Nikaacha sindano hewani.

Alikuwa mwanamume wa redioni anatangaza vituo vya kununulia pamba.

Nimemtukana. Nimemtukana na Mabula, kwa jina lake na la babu yake. Jirani, Mama Limi, akaniuliza juu ya ukuta kama nina mgeni.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Mhubiri kasema tusamehe waliolala. Nikaangalia dirisha.

Jumatatu, 9 Juni

Nkwabi ni mwizi.

Nilikwenda shuleni kupima wanafunzi. Nimerudi, sanduku la bati halipo. Mama Limi anasema shemeji yako alikuja na pikipiki, akasema umemruhusu, akalifunga nyuma kwa mpira. Tarehe 14 ameiona ni mbali. Mlango haukufungwa kwa sababu nani angeiba kanda?

Sanduku hilo ndilo la ngoma. Zile zote Mabula alizorekodi mwenyewe uwanjani, mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nimeziacha za mwisho kwa sababu nilizichukia zaidi.

Nimempigia. Hakupokea. Nimempigia tena. Kapokea mkewe, akasema Nkwabi yuko shambani. Nyuma yake nilimsikia Nkwabi akikohoa.

Kesho Dutwa, kwake.

Jumanne, 10 Juni

Niandike hii vizuri kwa sababu nimeifurahia.

Nimefika Dutwa na basi la kwanza. Duka la Nkwabi liko pale wanapotengeneza baiskeli. Sanduku langu liko barazani, juani, limefunguliwa kama kichwa cha samaki. Utepe na jua haviivani, mjinga huyo. Pembeni kuna kijana mwenye kompyuta, yule anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Wanachagua. Za Bagika walizoshinda zinawekwa kwenye beseni. Nyingine zimetupwa ndani ya mfuko wa sandarusi.

"Mwangaluka, shemeji," anasema Nkwabi. Hata aibu hana.

Nikajibu salamu, maana nimelelewa. Nikamimina beseni ndani ya sanduku. Nikafunga kifuniko. Nikakaa juu yake.

"Shemeji, kikao kilisema."

"Kikao kilisema tarehe 14. Leo ni 10."

"Sasa utakaa hapo mpaka lini?"

"Una haraka gani? Mimi nimefiwa, sina pa kwenda."

Nikakaa. Dutwa watu wanasalimu, siyo kama mjini. Kila mteja aliyekuja kununua sabuni aliniona mjane nimekaa juani mlangoni kwa shemeji yangu. "Mwangaluka mayu. Vipi, mbona umekaa nje?" Nami nikawa najibu kwa upole, kwa hii sauti yangu ya kukwaruza, "Namsubiri shemeji, baba. Kuna vitu vya marehemu alivichukua nikiwa sipo." Sikuongeza neno. Sikuhitaji. Mzee mmoja mwenye baiskeli ya mkaa alimtazama Nkwabi muda mrefu, akaacha sabuni juu ya kaunta, akaondoka.

Kijana wa kompyuta alikuwa wa kwanza kukimbia. Kasema atarudi. Hakurudi.

Mchana mke wa Nkwabi akaniletea ugali na dagaa. Nikala nikiwa juu ya sanduku. Walikuwa dagaa wazuri, wa Lamadi.

Saa tisa Nkwabi akanyanyua mikono. "Chukua. Jumamosi nakuja na toyo ya magurudumu matatu, na wazee wawili. Uzihesabu usizihesabu, nabeba." Akanirushia na ule mfuko wa sandarusi. "Na hizi peleka. Hizi ni za kushindwa. Nani anataka kusikiliza alivyoshindwa? Mwezi wa tisa utachomea mabua ya pamba."

Nimerudi na vyote. Kondakta kanisaidia kupandisha, kauliza kuna nini humo ndani, kizito hivi. Nikamwambia wakwe.

Jumatano, 11 Juni

Ngoma. Bagika. Kutwa.

Baba mkwe anaimba kila kanda. Marehemu huyo alikuwa na sauti kubwa, sitasema uongo, sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Anajisifu. Anasifu ng'ombe wake. Anasifu dawa zake za ngoma. Anatutukana Bagalu kwamba tunacheza kama kuku waliofungwa miguu. Watu wanashangilia. Kwenye kanda zote hizi watu wanashangilia, kwa sababu hizi ndizo walizoshinda. Lebo zote kwa mwandiko wa Mabula, wino wa buluu: Tulishinda, Itilima. Tulishinda, Nkoma. Tulishinda tena.

Mabula mwenyewe humsikii. Miaka yote hiyo uwanjani na hata kukohoa hakukohoa. Alikuwa anaishikilia radio kama mtu aliyebeba mayai.

Nyumbani pia alikuwa hivyo. Alikaa kimya, alishika kitu chake, na mimi nilisema peke yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Ngoma tena. Nimemwota baba mkwe.

Kabula anasema anakuja wiki ijayo. Nimemwambia aje na sukari.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemaliza. Sanduku lote, boksi lote. Rumba, dansi, kwaya, mpira, ngoma. Mikia yote ya kwaya nimeisubiri. Kwenye mikia nimepata: vituo vya pamba, mtoto analia (Kabula, nadhani), jogoo, na Mabula anasema "imeshika?"

Haikushika.

Basi alisema kweli. Alinifunika, akafunika mpaka mwisho, hakuacha hata mkia. Fundi mzuri.

Niandike wazi, kwa kuwa hakuna anayesoma. Namchukia. Amekufa mwezi wa pili na nimepika chai ya watu, nimevaa kaniki, nimelia pale pa kulia, na bado namchukia. Siyo kwa rumba. Siyo kwa bati. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho watu walihama uwanja kukifuata, akakichukua, na akaimbisha kwaya juu yake kwa kuwa baba yake aliona aibu.

Umebaki mfuko wa sandarusi. Baba mkwe akiimba na kushindwa. Hapana.

Jumamosi, 14 Juni

Nkwabi kaja na toyo na wazee wawili, kama nilivyoahidiwa. Wazee wametoa pole tena. Nimewapa chai tena.

Wamebeba. Sikukaa juu ya kitu. Nilishona tu.

Nkwabi alipokuwa anafunga kamba nikamuuliza, kwa kumchokoza, kama anaikumbuka Mwamapalala mwaka tuliowapiga.

Akacheka kwa uchungu. "Siku ile? Kaka alichapwa siku ile. Baba alimchapa bakora mbele ya watu, na tayari alikuwa mtu mzima."

"Kwa nini?"

"Alikimbia. Ngoma iko katikati, watu wanatuhama, tunamhitaji kila mtu abaki, tunatazama, kaka hayupo. Na radio haipo. Alirudi jua linazama. Baba alimuuliza ulikuwa wapi, hakujibu. Alikubali bakora tu."

Kumbe na uoga. Baba yake anazama, yeye anakwenda kujificha kichakani na radio yake. Hilo nalo nimeliongeza.

Toyo imeondoka, sanduku na boksi vinagongana. Spika nayo wameibeba. Radio nimewaambia ni ya kwangu, nilinunua kwa hela ya sare. Wazee wakakubali.

Nyumba kimya sana. Sikuwa nimejua ni kimya kiasi hiki.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa na mfuko wa sandarusi mbele yangu. Nilitaka kuutia kwenye jiko la mkaa sasa hivi, nisingoje mabua wala mwezi wa tisa. Lakini plastiki inanuka, na Mama Limi ana kifua.

Nikazitoa nizitazame. Lebo za hizi ni wino mwekundu. Mahali hakuandika, wala mwaka. Ameandika hivi: Tulishindwa. Tulishindwa tena. Tulishindwa, mvua. Tulishindwa kidogo. Tulishindwa vibaya. Tulishindwa vibaya sana.

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Nikakasirika kwa sababu nimecheka.

Nilisema zote. Ni zote. Sitaki mtu aseme, hata mimi mwenyewe, kwamba mimi Minza nilisema zote nikaishia njiani. Nimeanza na Tulishindwa. Baba mkwe anaimba, watu wanapungua, anaimba kwa nguvu zaidi, wanapungua zaidi, kanda inakatwa. Tulishindwa tena: vile vile. Tulishindwa, mvua: mvua.

Kidogo na Vibaya nimesikiliza nikipika. Nimeunguza mchicha.

Moja imebaki. Betri zimekwisha na umeme haupo. Kesho.

Jumatatu, 16 Juni

Umeme ulirudi saa tatu. Nilikuwa nakata kitambaa. Nikatia ile ya mwisho, Tulishindwa vibaya sana, upande A, nikarudi kwenye mikasi.

Baba mkwe anaimba. Ngoma zao. Umati mkubwa, vigelegele. Wimbo wa pili, vigelegele vimepungua. Wa tatu, mwanamume mmoja anauliza kwa Kisukuma, wanakwenda wapi hao? Baba mkwe anapaza sauti. Inasikika ya mtu anayepaza.

Halafu ngoma zao zikaanza kufifia.

Nikadhani radio imeharibika. Nikainuka kuipiga kofi. Hapana. Upepo unapiga kwenye kipaza sauti. Nyayo. Mtu anatembea, kisha anatembea haraka, majani makavu yanavunjika, anahema. Ngoma za Bagika ziko nyuma, mbali. Anavuka uwanja. Na mbele yake ngoma nyingine zinakuja, na hizi nazijua kwa tumbo langu, nilizaliwa nazo.

Kisha msichana.

Sikumjua mara moja. Sauti ni nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, na ina kiburi kuliko nilivyoikumbuka. Inapanda bila kujishika popote. Wasichana wanaitikia. Umati wote uko hapo, wote, unasikia jinsi ulivyojaa.

Na anamwona. Ndiyo, sasa nakumbuka, nilimwona, kijana wa Bagika katikati ya watu wetu, kajitoa kwao mchana kweupe. Wimbo unageuka. Namwimba yeye. Namwambia kijana wa radio, umebeba radio kama mwanamke aliyebeba mtoto wa jirani. Koo lako halina kitu, ndiyo maana unaokota za wenzako. Baba yako anabweka kule, wewe umekuja kula huku. Nenda kwenu ukamwambie tumekushibisha.

Watu wanapasuka kwa vicheko. Na karibu kabisa na kipaza sauti, karibu kuliko sauti yangu, kuna mtu mmoja anacheka. Hajizuii. Anacheka mpaka pumzi inamwisha, anatukanwa na anacheka.

Kanda imeendelea mpaka ikakata yenyewe. Hakuna kwaya juu yake. Hakuna chochote juu yake.

Nimekaa chini. Kitambaa cha watu nimekikanyaga.

Halafu nimemtukana, kwa sauti hii iliyobaki. Mjinga wewe. Baba yako alikufa Kabula akiwa hajaanza shule. Ungeweza kusema. Ulichapwa bakora mbele ya watu ukaficha, sawa, ulikuwa kijana. Baadaye je? Miaka yote ile ya kukaa mezani na mimi nimenuna, kanda iko kwenye sanduku lile lile chini ya kitanda chako na changu, una lebo nyekundu na una mdomo, ukashindwa nini? Ulitaka niitafute mwenyewe? Ningetafuta vipi kwenye kushindwa kwenu?

Sijamsamehe. Naandika hapa ili ijulikane. Kuna mtu anavuka uwanja mzima, halafu hatua moja ya mwisho, ya kusema, inamshinda.

Nimeirudisha mwanzo. Nimesikiliza tena kuanzia kwenye nyayo.

Jumamosi, 21 Juni

Kabula amekuja jana, na sukari. Tumekunywa chai. Nkwabi alipiga simu kusema zile kanda zimejaa vumbi na kijana wa kompyuta amezikataa, kwani zimepigwa jua. Nikampa pole.

Nikaiweka ile kanda bila kusema kitu. Kabula alikuwa anachambua mchele. Akamsikiliza babu yake, akasikiliza nyayo. Kwenye wimbo akaacha mchele.

"Mama, huyu anayeimba ni nani?"

Nikaongeza sauti ya radio. Kikaja kile kicheko.

"Baba," akasema. "Huyo ni baba."

Alimjua baba yake kwa kicheko, na mimi hakunijua. Nikangoja mpaka kanda ikate, ndipo nikamwambia. Hakutoa hata ushauri. Kisha akaomba nirudishe mwanzo, nikarudisha kwa kalamu ili nisiichoshe radio.

Leo asubuhi amerudi Kiloleli. Nimemaliza sketi za shule. Kanda ipo kwenye droo ya cherehani, pamoja na mikasi. Lebo sijaibadilisha. Walishindwa vibaya sana.